Jua la Bertrams na Majirani Zake wa Bukavu

Mpendwa Papa Neema,

Jumamosi iliyopita nilifundisha darasa lako la anga. Usicheke. Watoto walikuwa wameshajaa uani mwa kanisa, mwalimu hakuna, na binti yako akanitazama kwa yale macho yako ya ubishi. Basi nikachukua chungwa, nikaliweka juu ya tofali karibu na geti, nikasema kwa sauti kubwa kama ulivyozoea kusema wewe, "Hili ndilo Jua." Halafu nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Unakumbuka ulivyoanza? Mwanzoni Jua lilikuwa mpira wa miguu. Wewe fundi wa kutengeneza cherehani, hukuwahi kushika chaki maishani, lakini ulisoma mambo ya anga kwenye simu mpaka ukaona ni dhambi kukaa nayo peke yako. Ukapanga sayari barabarani, kila moja kwa ukubwa wake na umbali wake, vyote vimepunguzwa kwa kipimo kimoja. Sayari ya mwisho, Neptune, ikakupeleka wewe na watoto wa watu mpaka ng'ambo ya uwanja wa mpira. Mama mmoja akampigia pasta akilia kwamba watoto wameibwa. Ulirudi nyumbani umenuna, ukakaa mezani na kalamu, na chai yangu ukaiacha ikapoa.

Nilidhani unatafuta Jua dogo ili watoto wasivuke tena robot, zile taa za barabarani. Kumbe ulikuwa na jambo lako. "Na ile mupira," ukaniambia, "nyota ya jirani inaangukia Misri. Sisi tuko na nani kule Misri?" Ulikuwa unatafuta kitu ambacho kikiwa Jua hapa Bertrams, mtaani kwetu Joburg, basi nyota zilizo karibu nasi kuliko zote ziangukie kwetu, Bukavu. Tikiti maji lilipitiliza mbali. Yai likaishia Zambia. Ulipofika kwenye chungwa ulipiga kelele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu kwa fimbo.

Tangu siku hiyo hukubadilisha tena. Chungwa likiwa getini, Dunia yetu ni chembe moja ya sukari, mbali kiasi cha kuvuka ukumbi wa kanisa. Mwezi uko upana wa vidole viwili kutoka kwenye sukari. "Na hapo ndipo mtu amefika," uliwaambia. "Vidole viwili. Basi." Jupita ni punje ya hindi. Neptune ni mbegu ya pilipili manga, iko kule chini karibu na spaza, lile duka dogo la mtaani. Kile chombo cha anga kisicho na mtu, kilichorushwa kabla mimi na wewe hatujazaliwa na ambacho hakijasimama hata siku moja, leo ndiyo kwanza kinaingia Kensington, mtaa wa pili tu. Baada ya hapo hakuna kitu. Unavuka Limpopo, hakuna kitu. Unapita Zimbabwe, unapita Zambia, unamaliza ziwa lote la Tanganyika, baridi na giza tupu, mpaka Uvira, ambako kuna nyota ndogo nyekundu kama punje ya haragwe. Na Bukavu kuna machungwa mawili yanayozungukana. Hao ndio majirani wa Jua. Mwanga wenyewe, ambao hakuna kinachoushinda mbio, katika kipimo chako hicho unatembea mwendo wa sisimizi, miaka minne na zaidi kutoka kwetu mpaka getini hapa.

Halafu unamenya Jua na kuwagawia watoto. Hujawahi kuona kitu cha kuliwa ukakiacha salama.

Ulisema unafanya hivyo kwa ajili yao, hawa waliozaliwa hapa, wajue Bukavu iko upande gani. Mimi nilikuwa naangalia uso wako, Papa Neema. Ulikuwa unajipimia mwenyewe umbali wa nyumbani, na anga ulilichukua kama rula.

Kuna siku nyingine naikumbuka sana. Tulipanda kilima cha Kensington mchana, wewe, mimi na Neema, na ule mpira wake wa tenisi. Neema aliuliza kwa nini watu walio angani wanaelea. Mimi nikajibu haraka, kwa kuwa nilikuwa najua, kwamba kule hakuna uzito wa Dunia. Ulinitazama kwa huruma iliyoniudhi. Ukarusha mpira taratibu, ukaanguka karibu. Ukarusha kwa nguvu, ukaanguka mbali. Ukasema Dunia inaendelea kuwavuta wale watu karibu sawasawa na inavyotuvuta sisi, ila wamerushwa kwa kasi kubwa mno, kila wanapoanguka ardhi nayo inajikunja kwenda chini, hawaifikii. "Banaanguka siku zote," ukasema. "Banaanguka, habafike chini. Njo maana banaelea." Nilikuambia hayo si maisha. Ukacheka, ukamtuma Neema akaokote mpira.

Nawaelewa sasa wale watu. Tangu ulipoondoka na mimi naanguka, na chini sifiki. Asubuhi nasuka watu nywele kule mjini, nacheka nao, napanda taxi, napika, naosha sahani. Ukiniangalia kwa mbali utadhani naelea vizuri.

Ulipoondoka mvua zilikuwa bado zinanyesha hapa. Mama yako kule Bukavu alikuwa mgonjwa na hukutaka kusikia neno la mtu. Ukatuma sauti kutoka kila kituo, ukilalamika juu ya mabasi, vumbi na wali wa njiani. Ya mwisho ilitoka Uvira: "Nimefika Uvira, Mama Neema. Kuko kelele kidogo huku, lakini kesho nalala kwa mama." Halafu simu yako ikazimika, na habari za Bukavu zikaanza kuwa za vita, zile tulizozisikia wote. Sasa ni baridi. Majani ya Joburg yamekauka, na jioni saa kumi na mbili giza limeshaingia. Nikitoka kuanua nguo naziona juu ya paa zile nyota mbili angavu zilizo karibu na Msalaba wa Kusini. Ile angavu zaidi ndiyo machungwa yako mawili, kwa macho yanaonekana kitu kimoja. Naangalia, naanua soksi, naingia ndani.

Basi Jumamosi nilipomaliza kupanga sayari, nikawaeleza watoto kwamba jirani wa Jua yuko Bukavu. Neema, ambaye unajua Kiswahili anakisikia lakini majibu yake huyachanganya na Kiingereza na Kizulu, aliinua mkono kama mtoto wa mwenzangu. "Mama, so Papa eko ku next star?" Watoto wakacheka. Nikamwambia ndiyo. Ningemwambia nini?

Na Jumapili wakaja. Pasta na Mama Riziki, yule kiongozi wa akina mama, pamoja na wenzake wawili, wakakaa kwenye viti vyetu bila kuvua makoti. Nilijua kabla hawajafungua mdomo, maana Mama Riziki alikuwa ameshika kitambaa cheusi kilichokunjwa vizuri. Hawakuwa na habari yoyote mpya. Walisema tu muda umepita, watu wanaotoka huko wanasimulia mabaya, na si vizuri roho yangu ikae njiani namna hii. Wanataka kufanya matanga. Watapika, wataimba, watalia pamoja nami, kisha nipumzike. Nakuambia ukweli, nilitamani. Nilichoka kiasi kwamba nilitamani mtu anilalishe sakafuni na kunifunga kile kitambaa.

Pasta, kwa upole wake, akasema, "Mama, hata nyota ni vile. Tunaona mwangaza yake, tunafurahi, kumbe yenyewe ilishakufaka zamani."

Ungekuwepo ungeruka kwenye kiti. Mara ngapi umenung'unika kanisani aliposema maneno hayo, mimi nikikufinya paja! Nikajisikia nasema kwa sauti yako: "Hapana, pasta. Hiyo watu wanaisema tu. Nyota zinaishi muda mrefu sana, na zile tunaziona kwa macho ziko karibu. Mwanga ukitoka kwao, kabla haujafika hapa, nyota haijazeeka hata kidogo. Karibu zote tunazoziona ziko. Ziko mpaka leo."

Pasta hakukasirika, akainamisha kichwa tu, na Mama Riziki akafuta macho. Wakaomba, wakaondoka, kitambaa wakakiacha juu ya kiti ulichokuwa unakalia wewe.

Walipotoka sikujisifu. Kwa sababu mimi si mjinga, Papa Neema. Nyota si mtu. Nyota haipiti kwenye vizuizi vya barabarani, haiulizwi kabila, haiugui njiani ikakosa dawa. Somo lako halinithibitishii lolote. Sijui kama u hai. Haya, nimeliandika.

Ila kuna jambo moja nalijua bila kufundishwa na mtu. Nikikulilia leo, nitakuwa nimekuzika mimi kwa mikono yangu mwenyewe, kwa sababu tu nimechoka kukungoja. Kama umekufa, utanisamehe kwa kuchelewa kulia. Kama u hai na uko mahali fulani unatafuta njia ya kurudi, sitaki ukute wenzangu wameshaosha sufuria za matanga yako.

Nina upweke, mume wangu. Kitanda ni kikubwa, Neema anazidi kurefuka na hakuna wa kumwambia anafanana na nani, na mashine za watu ulizoacha hazijatengenezwa bado zimejaa mlangoni, kila siku naziruka. Wenyewe wamekuja kuziulizia. Nimewaambia fundi hayupo, warudi baadaye.

Leo asubuhi nilimrudishia Mama Riziki kitambaa chake. Nilimkuta anafagia mlangoni. Alikipokea, kisha akaniuliza, na hakuwa na ubaya wowote: "Sasa tukuite nani, mama? Mujane hautaki, na bwana haonekane."

Nimemjibu, nami natia sahihi vivyo hivyo hapa.

Mke wako,
Mama Neema