Baba, Jina la Jamwa Lilikuuma?

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye nyasi nyuma ya maktaba ya chuo. Kutoka hapa ziwa linaonekana kwa mbali, na magugu yamelifunika tena hadi linafanana na shamba la mtu. Wenzangu wako darasani. Mimi nimebaki nje kwa sababu kuna jambo nataka kukuuliza, na wewe peke yako ndiye uliyekuwa na jibu. Walio hai nimewauliza, wakanichanganya zaidi.

Unakikumbuka kibao cha karakana yako pale Mamboleo, Kisumu? JAMWA SOFA SET, kwa herufi nyekundu, zile za mwisho zimebanana kwa sababu ulianza kwa herufi kubwa mno. Ulikiandika kwa mkono wako. Nilipokuwa sijaanza shule nilidhani Jamwa ndilo jina ulilopewa na wazazi wako. Wateja walikuita Jamwa, majirani zetu wa Kaloleni walikuita Jamwa, na hata mchungaji akitaka viti vya kanisa vipigwe misumari alisema, "Mwiteni Jamwa." Mimi nikawa Nyar Jamwa, binti wa Jamwa. Nikiitwa hivyo niliitika na kukimbia nione nimetumwa nini.

Siku moja nilikuuliza Jamwa ni nini. Ulikuwa unavuta kitambaa juu ya mkono wa kochi, misumari midogo imejaa mdomoni. Ukaitema kwenye kiganja.

"Ni mtu ambaye si Mjaluo."

"Kwani wewe si Mjaluo?"

Ukacheka. "Mimi ni Mmaragoli, mama. Kwetu ni Vihiga, huko juu kwenye mawe."

"Na mimi?"

Ukairudisha misumari mdomoni ukaendelea kuvuta kitambaa. Mpaka leo sijui kama hukunisikia au kama ulikuwa bado unatafuta la kusema.

Nilikaa nawe pale kila siku baada ya shule. Nilijua harufu ya gundi, nilijua sponji ipi ni ngumu na ipi itabonyea kabla ya Krismasi. Nilikusikia ukipatana bei kwa Kijaluo kilichonyooka mpaka mteja mgeni akuulize unatoka Siaya upande gani. Hapo Baba Ouko, yule muuza mbao wa ng'ambo ya barabara, rafiki yako wa kufa na kuzikana, alikuwa anapaza sauti, "Huyo ni Jamwa! Jamwa marwa!" Yaani mgeni wetu. Watu walicheka, nawe ulicheka. Mimi nilicheka kwa sababu nyinyi mnacheka.

Sasa nikueleze kilichotokea. Muhula huu sisi wote wa mwaka wa pili tunasoma somo linaloitwa Utofauti, Usawa na Ujumuishaji. Mwalimu wetu ni Daktari Kerubo, mama mfupi mwenye sauti ya kwaya. Mwanzoni nilidhani ni yale masomo ya kujaza ratiba. Lakini juma la kwanza tu aliuliza kwa nini darasa letu liko ghorofa ya juu wakati Brenda, mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu, anabebwa ngazini kama gunia la mahindi. Tukahamishwa chini. Nilimwona Brenda akijiingiza mlangoni mwenyewe, amefika mapema kuliko sisi, nikasema moyoni, kumbe haya mambo yana maana.

Nikaanza kulipenda somo lile. Tulifundishwa kwamba kuwapa watu wote kitu kilekile si lazima iwe haki. Tulifundishwa kwamba mtu anaweza kuwa ndani ya chumba na bado akawa nje ya mazungumzo. Niliandika haraka mpaka vidole vikauma.

Halafu ikawa zamu yangu. Ouko, mtoto wa Baba Ouko, tunasoma naye. Asubuhi moja alikuwa amechelewa, akaniita kutoka mlangoni, "Nyar Jamwa! Nishikie kiti!" Daktari akageuka akauliza jina hilo lina maana gani. Ouko akamweleza, tena kwa furaha, kama mtu anayesimulia mambo ya kwao. Daktari akanitazama.

"Pole sana, Minayo," akasema.

Baba, hakuna mtu aliyewahi kunipa pole kwa jina hilo. Nilihisi kama nimeambiwa nina jeraha mgongoni ambalo kila mtu amekuwa akiliona isipokuwa mimi.

Darasa likawaka. Ouko alisimama kukutetea, au kujitetea, sijui. "Daktari, hiyo ni mapenzi tu. Mzee alikuwa wetu. Watu walikuwa wanampenda huyo mzee kushinda hata wenye mtaa."

Halima, msichana anayetoka Garissa, akamjibu bila kusimama. "Kama alikuwa wenu, kwa nini jina lake halikutosha?"

Kisha wote wakanigeukia mimi, na Daktari akaniuliza nasemaje. Nikasema sijui. Walidhani naona haya, lakini huo ndio ulikuwa ukweli wenyewe.

Baada ya pale wanafunzi walipanga maonyesho ya maneno yanayowasukuma watu pembeni, nao wakaniomba kibao chako. Mama bado anacho, amekiegemeza ukutani nyuma ya kabati la nguo. Daktari akaniambia nisijibu kabla sijaongea na watu wa nyumbani. Ndipo nikaanza kuuliza.

Nilianza na Mama, kwenye kibanda chake cha nguo za watoto pale Kondele. Alikuwa anakunja sweta, hakuacha kukunja. "Hakuna mtu alimtukana baba yako hapa Kisumu," akasema. "Ulisikia wapi?" Nikamweleza ya darasani. Akakunja nyingine, na nyingine. Halafu akasema polepole, "Lakini mimi sikumwita hivyo. Nilijaribu mara moja kwa mzaha, tukiwa tumeoana juzi tu. Aliweka sahani chini akatoka nje. Sikurudia."

"Alikuambia kwa nini?"

"Baba yako? Baba yako alikuwa anaeleza mambo?"

Nikaenda kwa Baba Ouko. Alinipa benchi nikae, akaniagizia soda, akauliza masomo. Nilipomwambia kilichonileta alivua kofia.

"Ni mimi nilimpatia hiyo jina," akasema. "Alikuja hapa kijana mdogo, hajui hata kusalimia watu. Mimi ndiye nilimwonyesha mahali pa kuweka meza. Nilimpatia mbao ya kwanza. Sikukuwa na ubaya na yeye hata siku moja."

"Najua, Baba Ouko. Lakini aliwahi kukukataza?"

Alikaa. Lori likapita, vumbi likatua juu ya mbao, akalipangusa kwa kofia.

"Mara moja," akasema. "Aliniambia, 'Baba Ouko, mimi niko na jina.' Mbele ya watu. Nikacheka. Wote tukacheka. Na yeye akacheka, lakini kidogo. Wiki ingine nakuja kufungua hapa, namwona juu ya ngazi na rangi nyekundu. Anaandika. Mimi nikajua sasa ameikubali." Akanitazama machoni. "Ama alikuwa amekasirika? Wewe ndiye umesoma, niambie. Nyar..." Akakatiza hapo. Alifungua mdomo tena akaufunga, na nikaona kwamba mzee huyu aliyenijua tangu nikiwa mgongoni mwa Mama hakujua tena aniite nani.

Hilo ndilo liliniuma, Baba. Kwa sababu nakumbuka pia mambo mengine. Nakumbuka ulipougua, ni Baba Ouko aliyekuwa anakunyoa ndevu wodini, akikushika kidevu taratibu kama unavyoshika yai. Nakumbuka ni yeye aliyezunguka Mamboleo yote kutafuta gari la kukupeleka Vihiga. Na huko Vihiga, kwenye mazishi, msemaji alitangaza, "Sasa tumpe nafasi mgeni wetu kutoka Kisumu." Baba Ouko akasimama akilia, akaongea Kiswahili chake, na kijana wa huko akamtafsiria. Mimi na Mama tulikaa kwenye hema la familia bila kuelewa hotuba za Kimaragoli za ndugu zako. Ndugu yako mmoja alisimulia kisa chako cha utotoni, uwanja mzima ukacheka, sisi tukacheka baada ya wote kumaliza. Mtu akauliza nyuma yangu, kwa Kiswahili, nadhani ili nisikie, "Hawa ndio wale wa Kisumu?"

Basi nilirudi chuoni na mawazo mawili. Darasani kuna wanaosema ulilichukua neno lenyewe ukaligeuza likawa mali yako, kwamba mtu akitaka kukurushia jiwe nawe ukalijengea ukuta, amebaki na nini? Wengine wanasema ulichoka tu kubishana. Daktari anasema yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Namheshimu Daktari, lakini yeye si binti yako. Mimi nataka moja.

Kibao nilikipeleka. Tulikibeba na Ouko, yeye mbele mimi nyuma, wala hatukuongea njia nzima. Tulipofika ukumbini nikakuta wenzangu wameshabandika karatasi chini ya mahali pake: "Neno lililomjeruhi fundi." Nikaitoa. Halima akaniuliza, bila ubaya, ninataka paandikwe nini. Nilisimama na kalamu mpaka wakaanza kupanga viti. Mwishowe nikaandika: "Kibao cha Fundi Kisia, wa Mamboleo. Alikiandika mwenyewe. Binti yake hajui kwa nini."

Watu walisimama pale kuliko mahali pengine pote. Brenda alikaa mbele ya kibao kwa muda, akaniambia kwamba yeye shuleni alikuwa akiitwa Trekta, na kwamba aliwachekesha sana kwa kuunguruma. "Niliunguruma ili waache," akasema, "halafu nikazoea." Nikamuuliza kama lilimuuma au halikumuuma. Akaniambia inategemea siku.

Baba Ouko naye alikuja. Alivaa koti la kanisani. Alisoma karatasi yangu midomo ikitembea, akarudia, akatia mikono mfukoni, akasema, "Kisia." Hivyo tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu neno la lugha ngeni. Sikuwahi kumsikia akilitaja jina lako. Kisha akaniaga kwa kunishika mkono, yeye ambaye tangu zamani alikuwa ananigusa kichwa, akatoka. Nilimtazama akivuka uwanja, nikashindwa kujua kama nimekutendea haki wewe, au nimempokonya yeye rafiki aliyebaki naye.

Jana nilimpigia simu shangazi, dada yako. Nilikuwa nimemwomba awe ananifundisha Kimaragoli kidogo kidogo, na kila nikimsalimu "mirembe" anacheka mpaka simu inakwaruza. Nikamsimulia habari za kibao. Nilitarajia akasirike kwa niaba yako.

"Jamwa?" akasema. "Ndiyo hivyo walimwita huko? Sisi hapa tulimwita Mjaluo."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akaniambia kwamba kila ulipopanda huko wakati wa Krismasi na mfuko wako wa mkate na omena, wale dagaa wa ziwani, watoto wa boma walikimbia mbele wakipiga kelele, Mjaluo amefika, Mjaluo amefika. Kwamba mama yako mwenyewe alikuwa anauliza, "Mjaluo wangu amekula?"

"Na yeye alisemaje, shangazi?"

"Aseme nini? Alicheka. Ndugu yangu alikuwa mtu wa kucheka."

Ndiyo maana niko hapa kwenye nyasi, Baba. Kila ninayemuuliza ananiambia ulicheka. Baba Ouko anasema ulicheka, shangazi anasema ulicheka, hata mimi mwenyewe nikifumba macho nakuona unacheka na misumari kiganjani. Hakuna anayeniambia kilikuwa kicheko cha namna gani. Laiti ningekisikia mara moja tu tena, sasa nikiwa mtu mzima, nadhani ningejua.

Lala salama huko kwenye mawe ya kwenu. Nitakuja likizo, na Mama akikubali nitakuja naye. Tutakaa tu hapo kando yako, wale wa Kisumu, hata kama hatutakuwa na la kusema.

Ni mimi, binti yako.