Pinde Tatu za Hamduni

Jumanne, 1 Julai 2025

Zimefika! Pinde tatu za kisasa, zile zenye gurudumu dogo kila ncha. Hamduni, muuza baiskeli wa Musoma, ametuazima mpaka siku ya mchujo. Klabu yetu ya upinde itanunua nne za aina moja, na mwenyekiti wetu, mwalimu Renatus wa Butiama, kasema neno langu ndilo la mwisho. Mimi! Mshona sare wa Nyasura.

Hamduni kanipa sharti moja, akalirudia mara tatu: nisiachie uzi bila mshale. Nguvu ikikosa mshale wa kubeba inarudi kwenye upinde wenyewe, mikono yake inapasuka. Nikamwambia nimesikia, mimi si kiziwi.

Mchujo ni Jumamosi ya tarehe 12, Buhare. Mwanamke mmoja tu ndiye atakwenda Dodoma kwenye mashindano ya taifa. Mwaka jana Najat, binti wa huyo huyo Hamduni, alinipita kwa pointi mbili. Mbili! Mwaka huu hanipiti.

Alhamisi, 3 Julai 2025

Wa kijani — mzito, ukiuachia unatikisa mpaka meno.

Wa mabaka — mzuri wa macho. Boksi lake linajisifu kasi. Mishale sita, meta thelathini, hakuna miwili iliyokaa jirani. Kasi ya nini? Ubao haukimbii!

Mweusi ndio wa bei ya chini kuliko yote, laki saba. Nimeuanza kwa dharau, nakiri. Mishale sita — minne kwenye njano, katikati ya ubao. Nikasema bahati. Nikarudia. Mitano!

Jumamosi, 5 Julai 2025

Mweusi tena, siku nzima. Uzito unapunguzwa kwa spana ndogo, dakika mbili. Asubuhi nimeupiga mimi, mchana mwenzangu wa klabu, Lukresia mwenye mikono mifupi, hatukumwita fundi. Kwa klabu yetu hiyo ndiyo thamani. Upinde wa milioni mbili unaomtosha mtu mmoja tungeufanyia nini? Tungepanga foleni kuutazama.

Kasoro: kile kitundu cha kuchungulia kwenye uzi kinateleza kila baada ya mishale ishirini. Nimekifunga kwa uzi wa kushonea suruali. Kimetulia.

Watu husema rahisi ni ghali. Safari hii wamekosea. Nimempigia Hamduni nikausifia kwa sauti kubwa kama mnadani. Mchujo nitaupiga na mweusi.

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Nimekwenda Nyamuswa kusaidia kuchuma pamba, na upinde nikaubeba. Kwa nini niliubeba? Kujionyesha kwa baba tu. Baba amelinda ng'ombe wake kwa upinde wa mti tangu ujana.

Kauzunguka akicheka. Kasema hii ni baiskeli, siyo upinde. Nikaingia ndani kumsalimia mama. Nikasikia — paa!

Nilitoka mbio. Baba kauvuta, kauachia mtupu. Ndivyo anavyopima pinde zote: anaachia bila mshale, anategea sikio. Nimemwona akifanya hivyo tangu sijaota meno. Na sharti la Hamduni sikumwambia!

"Upinde unasikilizwaga, mama," akasema. Ananiita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. "Hauangaliwagi. Na huu, mkono wa chini umelia vibaya."

Nikampigia kelele baba yangu mbele ya vibarua. Sijawahi. Akauweka chini taratibu, akarudi kwenye pamba yake.

Jumanne, 8 Julai 2025

Nimeukagua kwa macho. Hauna kitu. Nimepiga mishale thelathini — imekaa vizuri kuliko siku zote! Upinde wa laki saba umeachiwa mtupu na bado unadunda. Baba anazeeka masikio.

Jumatano, 9 Julai 2025

Baba hajazeeka masikio.

Neno lake lilikataa kunitoka. Kulikuwa na pamba imenasa kwenye mkoba tangu Nyamuswa. Nikaikunja, nikaipitisha kwenye mikono ya upinde polepole, kama napapasa kitambaa kutafuta pini. Wa juu, laini. Wa chini — laini, laini, ikanasa! Upande wa ndani, karibu na boliti. Ufa mwembamba kama unywele. Nyuzi za pamba zikabaki zimeshikwa pale.

Na jana nimeuweka huu upinde karibu na jicho mara thelathini. Mkono ukikatika umevutwa, vipande vinakuja usoni.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Musoma, dukani kwa Hamduni. Nikamwambia mweusi una ufa.

"Umepatikanaje?"

"Sijui."

Sijui! Midomo yangu hii hii. Ningewezaje kuliweka jina la baba kwenye kaunta ya watu, aitwe mshamba aliyeharibu mali?

Hamduni akapitisha dole gumba, akacheka. "Dada Ghati, Jumamosi ulinisifia huu upinde mpaka simu ikapata moto. Leo una ufa? Na Najat jana ndo kaniomba aupige kwenye mchujo. Mnanionaga mtoto?"

Nikamwonyesha pamba. Akasema pamba inanasaga hata kwenye kaunta yake. Akauchukua mweusi, akanirudishia wa kijani. Nimetoka nikiwa mwongo, na nusu ni kweli.

Ijumaa, 11 Julai 2025

Hamduni kaenda Tarime kufuata mzigo, simu haipatikani. Najat hapokei, namba yangu anaijua. Nimemwandikia ujumbe, kila kitu, na baba. Nikalifuta jina la baba. Nikautuma hivyo.

Kausoma. Hajajibu. Najionea haya.

Jumamosi, 12 Julai 2025

Buhare. Naandika nimekaa kwenye nyasi, kati ya mstari wa kupigia na mbao za shabaha. Sijapata kichaa. Sheria ya mchezo: mtu akiwa mbele ya mstari, hakuna kuweka mshale. Basi mtu niko.

Najat alipotoka na mweusi nilimfuata. Akanipita. Nikamwambia Mugeta, refa. Akauangalia kwa mbali, akasema hauna kitu, na malalamiko ni kwa karatasi. Filimbi ikapulizwa. Nikaingia uwanjani nikaketi.

Nikasema kwa sauti, watu wote wasikie. "Baba yangu, Magige wa Nyamuswa, aliuachia mtupu Sabasaba! Mkono wa chini umepasuka! Sharti nililijua mimi, sikumwambia!" Kisha mmoja akacheka, kasema mshona sare anaogopa kupitwa tena. Wakacheka wengi. Uso umenichoma, lakini kifuani nimekuwa mwepesi.

Najat akaniuliza kutoka kule mstarini, "Kwa nini hukusema juzi, kwa baba?"

"Nilikuwa namficha wangu."



Renatus amekuja mara mbili kunibembeleza. Kasema upinde ni wa Hamduni, binti ni wa Hamduni, mimi unanihusu nini? Nikamwambia unanihusu. Akaondoka anatikisa kichwa. Na zamu yangu ni baada ya hii, wa kijani uko kwenye benchi unanisubiri.

Mugeta kanipa dakika tano. Nisipoinuka jina langu linakatwa, na Dodoma nisahau. Kasema na mgambo watanibeba. Wanibebe, nina kilo tisini!

Zimebaki mbili. Kafungua kalamu. Najat yuko mstarini, upinde mkononi, mshale bado uko kwenye podo. Hamtazami refa, ananitazama mimi. Kidole chake kinapita kwenye mkono wa chini, upande wa ndani, polepole.

Moja. Siinuki.