Kaka, Nimejifunza Kumwita Mbweha

Woolwich, Landani
Jumapili, katikati ya mwezi wa tatu

Kaka Salehe,

Amani iwe kwako huko uliko. Huu ni mwaka wa sita tangu niondoke Handeni, na mwezi wa saba tangu uondoke wewe. Mimi niliaga. Wewe hukuaga mtu. Uliumwa Jumanne, Alhamisi asubuhi ukawa umekwisha, na kabla ya alasiri walikuwa wameshakuzika. Habari ilinikuta saiti, juu ghorofani, nimebeba mbao za dari. Niliziweka chini nikazikalia. Msimamizi akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, kwa sababu Kiingereza changu hakikuwa na maneno ya jambo lile. Kisha nikaendelea kubeba.

Barua ya namna hii sijui inaandikwaje. Shule yangu unajua iliishia wapi. Nitaandika kama ninavyozungumza na wewe, maana nazungumza na wewe kila siku, hasa kwenye basi.

Habari za nyumbani si nzuri. Tangu ufe, mbweha wamerudi. Mbuzi wakizaa, vitoto havimalizi wiki. Mama anasema wanafika mpaka nyuma ya zizi jua likiwaka, wanatembea bila haraka, kama wanajua mwenyewe hayupo. Mhina naye ameuning'iniza upinde wake ukutani. Si kwamba ameogopa. Ninyi wawili mliwinda pamoja tangu hamjaota ndevu, wewe unaita, yeye anapiga, na anasema mtu hawezi kuita na kupiga peke yake. Mwenzake amekufa, basi na kazi imekufa.

Kwa hiyo Mama akaamua. Alinipigia simu akasema, "Athumani, mimi sina miguu ya kukimbizana na mbweha. Mbuzi wauzwe wote, zizi livunjwe, tupande mihogo." Nikamwomba angoje. Akaniuliza angoje nini. Lakini kaka, zizi lile ulilijenga kwa mikono yako, kila mti uliukata wewe. Watoto hukujaliwa. Likivunjwa, pale nyumbani hakutabaki kitu cha kuonyesha kwamba uliishi, ila kaburi.

Nikaanza kufikiria kile kitu nilichokitaka tangu utoto. Unakumbuka nilivyokuwa nawafuata mpaka kwenye ule mkwaju wa njia panda, wewe unanigeuza? "Rudi. Wewe pua zako zinavuma kama kinu cha mashine." Mhina anacheka. Narudi kulala, lakini silali, nasikiliza. Alfajiri inakuja ile sauti yako kutoka porini, kama sungura anayebanwa, kama mtoto anayelia kwa kujizuia. Nilijua ni wewe, na bado nywele zilinisimama. Nilikuwa najaribu chini ya shuka. Sikuwahi kukuambia.

Sasa sikia ajabu. Aliyenifundisha ni Kalasinga.

Karibu na soko hapa Woolwich kuna duka la misumari, mabomba na rangi. Mwenye duka ni Mzee Balbir, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe mpaka kifuani, mzaliwa wa Nakuru. Siku ya kwanza nilikuwa nagombana na skrubu kwa Kiswahili, peke yangu, nikasikia nyuma yangu, "Wewe natukana bidhaa yangu, kijana?" Nikataka kulia kwa furaha. Tangu hapo nikawa napita kila Jumamosi, nanunua kitu nisichokihitaji, tunapiga soga. Siku moja nikamweleza habari za mbuzi wa Mama. Akaacha kupima waya. Kumbe ujana wake wote aliwinda mbweha na baba yake, kwenye mashamba ya kondoo kule Bonde la Ufa. Na hapa hajaacha. Kuna mkulima huko Kenti, nje ya Landani, ambaye mbweha humalizia wanakondoo kila mwaka ukifika wakati huu, na Mzee ana bunduki, ana leseni, ana ruhusa ya shamba. Asichokuwa nacho ni mwenzake. Shemeji yake aliyekuwa akimwitia amehamia kwa mtoto wake Kanada. Wanawe mwenyewe wanaelewa Kiswahili lakini wanamjibu Kiingereza, na habari za mbweha hawataki kuzisikia.

Akaniambia, "Mtu moja hapana winda mbweha. Macho mbili haitoshi. Wewe najua kuita?"

Nikasema sijui, lakini kaka yangu alijua. Akanitazama kidogo. "Basi iko ndani ya damu. Tatafuta."

Haikuwa ndani ya damu, kaka. Ilibidi niitafute kwa jasho. Unaweka midomo mgongoni mwa kiganja, unavuta hewa, na mimi kwa wiki tatu nilitoa sauti ya mpira unaopasuka. Nilifanya mazoezi saiti wakati wa chai, wenzangu wakaniita jina ambalo sikuandikii. Nilifanya chumbani mpaka yule Mkongo tunayepanga naye akagonga mlango, "Ndugu, kama umeficha mtoto humo, umpe maziwa." Hata mbweha wa hapa mtaani walinidharau. Maana huku mbweha wanatembea barabarani kama paka, wanapekua mapipa ya taka. Nilimwitia mmoja nyuma ya kituo cha basi. Akakaa kitako akanitazama, kama anangoja chipsi.

Mzee alicheka mpaka kilemba kikaenda upande. Akasema wa mjini hawajui njaa, niwaache, nimngoje wa shamba.

Tulikwenda mara ya kwanza mwezi wa pili, yeye anaendesha, mimi nimeshika chupa ya chai ya tangawizi. Kumepambazuka kijivu, majani yana barafu. Alinikalisha chini ya ua wa miti, yeye akalala mbali kidogo mkono wa kushoto, mahali ambapo mbweha akija kuitazama sauti atampa ubavu. Sikuwa namwona. Ndivyo ilivyo, kumbe? Humwoni mwenzako, unajua tu yupo. Niliita, nikanyamaza, nikaita. Akatokea. Kaka, mwekundu, mkubwa kuliko wetu, anakuja akikata uwanja moja kwa moja. Halafu akazunguka kuufuata upepo, kama mlivyokuwa mkisimulia, akainua pua, na akageuka kama aliyechomwa moto. Amekwenda.

Mzee alikuja akinusanusa. Akanisogelea shingoni. "Kijana! Wewe naleta pilau shamba?"

Ni mafuta ya karafuu. Yale uliyompa yule dada wa Korogwe anayetunza wazee huku, aniletee kwa ajili ya mabega. Chupa ile ilinifikia wiki mbili baada ya kuzikwa kwako. Mdomo wake ulikuwa umeufunga na ule mpira wa ndani wa baiskeli, kwa fundo lako, na nilikaa siku nyingi sijalifungua. Nilipolifungua nikawa napaka kidogo kidogo kila nilalapo, si kwa sababu ya mabega tu. Nikijipaka, chumba kinanuka kama wewe ukishatoka porini na Mama ameshakukanda.

Mzee sikumwambia hayo. Nilimwambia ni dawa. Akasema, "Dawa mzuri. Lakini mbweha hapana jinga. Chagua."

Nilikasirika naye. Jumamosi iliyofuata sikwenda dukani. Nilijiambia nimeshachoka na mbweha wa watu, niache Mama auze. Lakini Mama akapiga simu, mbuzi yule mwenye masikio meupe, uliyemlea kwa chupa, amezaa pacha na wote wameliwa siku moja. Mama hakulia. Alisema tu mnunuzi atakuja baada ya Idi.

Basi nikafua koti kwa sabuni isiyo na harufu, nikafua kofia na shuka, nikajisugua mpaka ngozi ikauma. Nilipomaliza sikunuka mtu yeyote. Kaka, nilisimama bafuni na nikakukosa kuliko siku niliyopata habari.

Jumapili iliyopita tulirudi Kenti. Safari hii niliita kama nilivyokuwa nakusikia, si kama Mzee alivyonifundisha. Yeye huita harakaharaka. Wewe ulikuwa unauacha ule mlio wa mwisho ufie njiani, kama aliyekata tamaa. Mbweha alikuja. Akazunguka, akainua pua, hakupata kitu. Akakaribia mpaka nikaona unyevu wa pua yake, na macho yake yananitazama mimi, hayana habari na mtu mwingine duniani. Mzee akapiga mara moja tu. Mbweha akaanguka palepale.

Nikageuka kukuambia.

Niligeuka kweli, mkono wa kushoto, mdomo wazi. Akaja Mzee Balbir anavuta mguu wake mbovu, akaniona uso. Hakutania. Akakaa chini karibu yangu kwenye majani yaliyolowa, akasema, "Hata mimi, baba yangu mekufa miaka mingi. Kila mbweha nampigia kelele, baba, ona." Tukanywa chai.

Siku hiyohiyo jioni nilimpigia Mhina. Nikamwambia sitaki mbuzi wauzwe, nataka aushushe upinde, mimi nitaita. Akacheka kwa uchungu. "Wewe? Wewe uliyekuwa ukikimbizwa na jogoo wa mama yako?" Nikasema ndiyo, mimi. Akasema, "Haya, ita nikusikie."

Nilikuwa nimesimama nje ya mlango, watu wanapita na mifuko ya sokoni. Nikaweka simu karibu, nikaita. Nikauacha mlio wa mwisho ufie njiani.

Nikadhani laini imekatika. Nikaita, "Kaka Mhina?"

Sauti ilipokuja haikuwa yake. "Nilikuwa nimeiweka simu kwa sauti kubwa," akasema. "Mbwa wa Salehe, hawa ninaowatunza, wamesimama, Athumani. Wote wawili. Wamekwenda kwenye njia ya porini, wanatazama."

Halafu akajikohoza, akasema pumzi yangu bado fupi na nina kazi ya kufanya, lakini nirudi nyumbani. Yeye mwenyewe amekwenda kwa Mama. Mnunuzi ameambiwa asije.

Kaka, sitajifanya wewe. Mzee Balbir ameshakasirika kwamba namkimbia, anasema atatafuta wapi mwingine, kisha ananipa mawaidha kuhusu upepo. Nakuahidi kitu kimoja: zizi halitavunjwa nikiwa hai. Vingine vitakavyonishinda utanisamehe, kama ulivyozoea.

Lala kwa amani, ndugu yangu. Nakuombea kila nikikumbuka, na nakumbuka kila mara. Mkataba wa kazi unaisha mwezi wa sita. Sirudi kutembea, narudi. Mungu akipenda nitashuka Handeni wiki ya kwanza ya mwezi wa saba, kwa basi la asubuhi, na kabla sijafika kwa Mama nitapita kwako.

Mdogo wako,
Athumani