Mama Yuko Kwenye Sinema Mbovu

6 Februari

Mwanangu,

Habari za huko? Kazi inakwenda? Mimi mzima, mgongo ndio ule ule. Simu usinipigie tena. Mashine ya zege imenimaliza masikio, ukiongea nasikia kama mtu yuko ndani ya pipa. Andika. Dereva wa basi ni mtu mwaminifu, ataleta na atarudisha.

Sasa. Uliniambia umepata kazi kwenye jumba la televisheni, unafagia chumba cha wale wachekeshaji wawili. Nikasema ngoja nione mwanangu anafagia wapi. Nikaenda kwa kinyozi, ana tivii, nikamwambia ongeza sauti. Nimeiona sakafu. Inang'aa. Nikawaambia watu, hiyo kazi ya binti yangu. Fundi wa plasta, huyu wa saiti yetu, akasema, "Mzee, sisi tunaangalia watu, wewe unaangalia sakafu?"

Halafu wakaanza, yule Kipara na yule Ndevu. Wamekaa kwenye kochi, wanawekewa sinema mbovu, wanaisema. Mwanzo nikaona wapuuzi. Watu wazima hawana kazi? Mara jambazi akafunga mlango kwa hasira, ukuta wote ukatikisika. Ukuta wa nyumba ya tajiri! Kipara akasema, "Taratibu bwana, ya kuazima hiyo." Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mimi nimebeba tofali maisha yangu yote. Ule si ukuta, ni boksi limepakwa rangi.

Akaja shujaa amebeba mfuko wa saruji kwa mkono mmoja huku anatongoza. Kabla Ndevu hajafungua mdomo nikapiga kelele, "Mtupu huo!" Na Ndevu naye akasema, "Mtupu huo." Duka zima likanigeukia. Kinyozi nusura amtoe mteja sikio.

Sasa kila Jumamosi niko pale. Tangu mama yako aondoke sijacheka hivi. Waambie hao mabwana kazi wanaijua.

Baba yako


20 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo umeupumzisha au bado unaubebesha mifuko ya vijana? Mimi sijambo, mikono tu imebabuka kwa sabuni.

Barua yako nimeisoma nimeegemea fagio, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaniuliza kama nimekula kitu kibaya. Nimewasomea ile ya mfuko. Ndevu amesema mzee huyo aje achukue nafasi ya Kipara. Kipara amesema aje achukue ya Ndevu.

Baba, hawa watu si kama wanavyoonekana. Sinema moja wanaiangalia mara nne, mara tano kabla ya kuisema. Kipara analia kabisa, tena panapokuwa pabovu ndipo anapolia zaidi. Ananiambia, "Binti, hawa watu walijitahidi." Wakitaka kujua kama mzaha umekaa sawa wananiita niingie na ndoo yangu. Nikicheka, unabaki. Nikiendelea kupiga deki, wanautupa.

Sasa kuna jambo. Juzi wameletewa sinema ya zamani, ya jambazi na tajiri. Nilikuwa nafuta meza, nikainua macho, nikaona mtaa. Baba, ni mtaa wetu. Ile nyumba ya ngazi za nje, na mtaro mbele yake. Nikakumbuka siku moja shangazi alianza kunieleza kwamba mama aliwahi kuchukuliwa kuigiza, ukamkatisha. Ni hii? Wataionyesha mwezi wa nne.

Sijaiangalia. Nimetoka na ndoo yangu. Nataka uniruhusu wewe. Mama mimi namjua kwa picha moja tu, ile ya kitambulisho, amekaza uso kama anadaiwa. Sijui hata alikuwa anatembeaje.

Mwanao


1 Machi

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima.

Ndiyo, ni hiyo. Walikuja mtaani na kamera, mtu wao hakutokea, wakamwomba mama yako. Akawa maiti. Mama mzazi wa tajiri, ameuawa na jambazi. Wakamlaza uani kwa jirani, wakamfunika shuka. Basi.

Mimi sikuiona. Ilipotoka, yeye alikuwa ameshatutoka kweli, wewe unatambaa. Watu wakaniita, njoo umwone mkeo kwenye sinema. Nikawaambia nimeshamwona amelala chini ya shuka. Mara moja inatosha.

Ukuta wa boksi tuucheke. Mfuko mtupu tuucheke. Maiti wa nyumbani kwangu hachekwi. Waambie waitupe hiyo, sinema mbovu hazijaisha duniani. Na wewe usiangalie.

Kwa kinyozi siendi tena.

Baba yako


25 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Dereva amepita mara mbili mikono mitupu. Nimemuuliza kama barua imemponyoka njiani, amekasirika, ananiambia, "Mzee, mimi nabeba watu, na hajawahi kuniponyoka hata mmoja." Unaumwa? Au umeninunia?

Fundi wa plasta amenifuata kwenye zege. "Mzee, Jumamosi hakuna wa kupiga kelele. Tunacheka kama tuko kwenye foleni ya sindano." Nikamwambia acha maneno, lete maji.

Nimefikiri. Shangazi yako nilimkatisha, na mimi mwenyewe sikukwambia kitu. Si haki. Ngoja nikupe ninachokijua.

Siku ile nilirudi kazini mvua inanyesha. Nikamkuta jikoni ameloa chapachapa, amekumbatia nguo zote alizofua. Usoni ana uji. Walimpaka unga kichwani awe na mvi, mvua ikauvuruga. Nikamuuliza, "Mke wangu, wamekufanya nini?" Alicheka mpaka akakaa sakafuni, na tumbo lake lile, wewe umo ndani. Kila akianza kunieleza, kicheko kinamrudisha. Nikaona nimsaidie kucheka, ya maelezo yatakuja. Hayakuja. Mpaka leo sijui alikuwa anacheka nini.

Andika hata mstari.

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Siumwi, sijanuna. Niliogopa.

Barua yako ya kunikataza ilinikuta nimeshaiangalia. Nilijizuia, nikashindwa. Kipara alinikuta nimesimama mlangoni na fagio, akasogea kwenye kochi, akasema, "Kaa."

Nimewafikishia neno lako. Hawakubisha. Ndevu amesema, "Mzee akisema hapana ni hapana, tutamkata. Ila mwambie tutakuwa tumekata mtu bora kuliko wote waliomo." Kipara akaenda dirishani, akawa anatazama nje.

Ndipo nikajua wewe hujui. Baba, wewe unadhani mama analala tu.

Anaamka.

Yuko chini ya shuka. Jambazi anacheka, tajiri analia bila machozi. Mvua inaanza. Maiti anafungua jicho moja. Anatazama juu. Analifumba. Linafunguka tena. Halafu anasema maneno mawili, siyaandiki hapa, utayasikia mwenyewe. Anaamka na shuka lake, anampita jambazi na bastola yake, anampiga kikumbo tajiri, anatoka mbio. Na hawakuikata sehemu ile! Tajiri anaendelea kuulilia mkeka mtupu.

Alipoinuka Ndevu akauliza, "Bibi wa miaka themanini, na hilo tumbo?" Nikamjibu, "Hilo ni mimi." Wakaisimamisha sinema. Wakanitazama, wakatazama tumbo, wakanitazama tena. Kipara akanipa mkono kama ndiyo kwanza tunajuana.

Nimemwangalia anavyokimbia. Miguu imetazama nje, viwiko vimebana mbavuni. Baba, mimi nakimbia hivyo hivyo. Shuleni walinicheka mpaka nikaacha kukimbia. Kumbe nilirithi.

Nikitaka kusema ukweli, nataka abaki. Nataka watu wamwone. Lakini wewe ndiye uliyemzika, mimi sikuwa na akili ya kujua kinachoendelea. Wanarekodi wiki ya kati ya mwezi huu, wanasubiri neno lako. Ukisema hapana sitalirudia jambo hili tena, na barua zangu zitakuja kama kawaida.

Mwanao


8 Aprili

Mwanangu,

Nimemwambia dereva asizime gari, naandikia kwenye bega lake.

Wasimkate.

Baba yako


30 Aprili

Mwanangu,

Habari za kazi? Mikono imepona? Paka mafuta, usisubiri kuambiwa. Mimi mzima. Mgongo leo haujauma, au nimesahau kuusikiliza.

Nilikwenda. Nilivaa shati la pasi. Fundi wa plasta akasema, "Mzee, unaposa?" Nikakaa kiti cha mbele, nikamwambia kinyozi sauti weka mwisho wake. Sikumwambia mtu kitu.

Wakamleta. Wakamlaza. Lile shuka lilipomfunika nilitaka kutoka. Miguu ilikuwa imeshasimama. Kinyozi akaniuliza, "Vipi mzee?" Nikasema hakuna. Nikakaa.

Halafu lile jicho. Duka likalipuka. Kipara akasema, "Jamani, mwenye akili pekee kwenye sinema nzima, anapima hali ya hewa." Na mama yako akasema. Nimemsikia, mwanangu, kwa masikio haya haya mabovu. "Nguo zangu!" Sauti ile ile aliyokuwa ananifokea nayo nikiingia ndani na matope ya saiti.

Kumbe ndicho alichokuwa anacheka. Maiti amekwenda kuanua nguo. Watu wazima na kamera zao wamesimama, yeye amewapita. Nami nilikuwa namuuliza wamekufanya nini, badala ya kuuliza yeye amewafanya nini.

Watu wamecheka, mmoja kaanguka na benchi. Nimecheka kuliko wote. Nimelia pia. Kipara usimwambie, atadhani tumekuwa ndugu.

Walipotulia nikasema, "Huyo ni mke wangu." Kinyozi akazima mashine, mteja nusu kichwa kimenyolewa. Fundi wa plasta unamjua kwa maneno yangu, hana adabu hata kwa msimamizi. Akasimama, akavua kofia, akaiangalia tivii. Akasema, "Shikamoo mama."

Basi tukacheka upya. Wakataka irudiwe, kinyozi akawaambia hii tivii si redio ya kaseti. Wakaanza kuniuliza. Alikuwa mtu wa wapi, alikuwa mkali, mlikutana vipi. Tangu afe hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, watu wanaogopa kukuumiza. Nimewajibu yote. Mteja aliyenyolewa nusu naye alikuwa anauliza.

Waambie wale mabwana asante. Ndevu mwambie tumbo lile halikuwa kosa la sinema, ni mimi.

Kuna kitu sijawahi kukwambia, ningekwambiaje. Miaka yote hii nikifumba macho namwona amelala, amefunikwa. Sura nyingine haikuja, hata nikiitafuta. Nikadhani ndivyo nitakavyobaki naye.

Jana nimefumba macho. Anakimbia. Uji unamchuruzika usoni, shuka linaburuta matopeni, na wala hageuki nyuma, ana haraka zake.

Baba yako