Kayaki ya Mke Wangu Inasaga Meno

Mshauri mpendwa, naomba uniokoe, ila usinicheke kwa sauti. Mimi ni fundi baiskeli mstaafu, shule niliacha darasa la nne baada ya kutoelewana na hesabu, lakini kitu chenye pedeli hakijawahi kunishinda, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia, maana binti yetu alimnunulia mama yake kayaki, kile kimtumbwi cha plastiki unachokalia ukapiga pedeli na panga la chini likasukuma maji, daktari alisema itamsaidia magoti, na kweli bibi akawa kila asubuhi yuko ziwani, anarudi anaimba, chai najipikia mwenyewe.

Kilikuja na karatasi ya maelekezo, nikaifanya ya kuwekea karanga. Binti akaniuliza, "Baba, umesoma lakini?" Nikamjibu, "Mwanangu, nimepaka minyororo grisi tangu mama yako hajajua hata kusuka nywele." Basi nikachota ile grisi nzito nyeusi, nikaupakaza mtambo wa pedeli ndani, nje, mpaka kwenye panga, mchanga wa ufukweni ukaja kunata wote kama umealikwa, siku ya tatu mtambo ukaanza kusaga meno na pedeli zikawa nzito kama mlango wa ghala.

Bibi akauliza, "Baba watoto, mbona inalia hivi?"

Nikasema, "Mama, chombo hakina kosa. Umenenepa."

Nilikuwa natania, mshauri. Yeye hakucheka. Wiki ya pili sasa hali chakula cha jioni, ziwani haendi, magoti yameanza kumuuma tena, na jana nimemsikia akimwambia binti kwa simu aje aichukue kayaki Jumamosi. Nipe njia ya kuutengeneza mtambo kimyakimya, bila kesi.

Fundi Mikono Myeusi

Mzee wangu Mikono Myeusi,

Nimekucheka, tena kwa sauti, halafu nikakasirika. Njia ya kimyakimya ninayo na sikupi. Mwenzio analala njaa kwa ajili ya grisi yako, na wewe unaulizia mtambo?

Leo hii, kabla hujagusa spana, pika wewe, mpakulie, kaa naye, umwambie: "Grisi niliipaka mimi, na unene nilikusingizia." Usiongeze neno "lakini".

Kesho ung'oeni mtambo pamoja, muuweke mezani. Maelekezo muombe binti, bila shaka anayo kwenye simu, na mkeo ndiye akusomee. Futa grisi yote kwa kitambaa, kisha mswaki mkuukuu na maji ya sabuni mpaka mchanga wa mwisho utoke. Suuza, ukauke kivulini. Ndani kwenye gia tia grisi ya vyombo vya majini, ile isiyotolewa na maji, kiasi cha punje ya haragwe, basi. Nje usipake kitu. Angalia kama kuna majani au uzi wa kuvulia uliojiviringisha kwenye panga, uondoe. Na kila akirudi ziwani, kazi ya kuusuuza kwa maji safi ni yako, si yake.

Jumamosi binti amkute mama yake katikati ya ziwa, na wewe ufukweni na taulo mkononi. Akikuuliza kumetokea nini, mwache mama ajibu. Najua kunyamaza kutakutoa jasho kuliko pedeli yoyote uliyowahi kufunga. Nyamaza hivyo hivyo.