Duara Ambalo Hukulisubiri

Mwalimu Masanja,

Shikamoo leo sikupi. Nilikuamkia miaka sita pale Ngokolo uliponifundisha kuandika programu, inatosha.

Tangu tukuzike, mwanao Doto amekuja Geita kuchimba dhahabu, kwenye machimbo yale yale yanayotumia programu yako ya kuhesabu watu kabla ya baruti kulipuliwa. Watu wanakusifu mpaka nachoka. Marehemu hasemwi vibaya, wanasema. Mimi nitakusema.

Unakumbuka ulivyoipanga. Nyuzi kumi na mbili, kazi ndogo za programu zinazokwenda sambamba, uzi mmoja kwa kila duara, kila shimo la wachimbaji, zote zinaondoka kwa pamoja kuviuliza vifaa vya mlangoni: wangapi wako chini? Kila uzi unarudi na jibu lake, majibu yanajumlishwa. Nikakuambia tuzisubiri zote zirudi, ndipo tusome jumla. Ukanicheka mbele ya wateja. "Minza, wewe ungezaliwa kobe." Ukaufuta mstari wangu wa kusubiri ili namba itokee upesi, nao wakapiga makofi. Nilikuchukia siku ile. Ulipokufa sikuigusa programu, nikidhani nitakukosea heshima. Heshima gani!

Na wewe uliwahi kuwa mchimbaji! Ulijua kwamba msimamizi huita duara moja moja, na duara lisiloitika huhesabiwa lina watu, hata kama lina mwezi halijaingiwa. Halafu ukaandika kinyume: asiyejibu hayupo.

Jumanne mtandao wa duara la tisa ulikuwa mzito. Uzi wake ulikuwa bado njiani, skrini ikaandika: "Chini hakuna mtu." Baruti zilikuwa tayari. Msimamizi wetu, Luhende, haamini skrini, na mimi nilikuwa namwona mshamba kwa hilo. Akainama mdomoni mwa duara, akaita. Sauti ikapanda kutoka chini, "Tupo! Tupo wawili!" Niliijua, ni sauti yako kabisa. Ni Doto.

Nilikaa kwenye vumbi nikalia kwa hasira.

Alipotoka aliuliza ni nani aliyeandika kitu kile. Jina lako lilikuwa mdomoni, Mwalimu. Nikasema, "Mimi." Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa amevaa shati lako. Sasa mkeo, Mama Kulwa, haitikii salamu yangu, na wachimbaji wananiita muuaji.

Mstari nimeurudisha. Programu inasubiri nyuzi zote, na duara ambalo uzi wake haujarudi linahesabiwa lina watu, hakuna kulipua. Wanalalamika inachelewa. Acha ichelewe.

Basi lala, ukiweza. Jana Doto alikuja akanishika mkono, akasema amenisamehe. Nilipokea msamaha usio wangu. Nakuahidi: Jumapili nitamwambia kosa lilikuwa la nani. Akikusamehe na wewe, shukuru Mungu.

Mimi bado.

Minza