Kranki Haikufa

Mama Raya, mke wangu,

Hamjambo huko Ngerengere? Huku Kinole mvua haikatiki, Raya mzima.

Nisamehe. Niliposema kranki ya injini ya pikipiki yako imekufa, ukaacha biashara ya ndizi ukarudi kwenu, nilikuwa nimeona konrodi, ule mkono ulioshikana na kranki, inacheza kushoto na kulia tu. Hiyo ni kawaida; mbovu ni inayocheza juu na chini. Kabla hujaondoka uliniuliza, "Wewe fundi au mganga?" Nikanuna badala ya kukagua tena.

Bahati nzuri ile kranki niliyoifungua niliipaka oili nikaifunga nailoni, kutu haikuigusa. Juzi niliivuta konrodi juu na chini, haichezi hata kidogo. Kumbe iliyokuwa inagonga ndani ya injini ni beringi. Nimeweka mpya, na leo pikipiki imeshuka sokoni na mikungu mitatu, ikapanda tena mlima kimya kabisa.

Kesho naileta. Kurudi utaendesha wewe, mimi nitakaa nyuma.

Mumeo,
Yunusi